Siku Papa Prefe Alipokwama Kwenye Meza ya Masaji

Mmeniomba niandike, na sasa nimestaafu, muda ninao. Miaka yote niliyofanya kazi katika chumba cha kine sikumbuki siku niliyokaa kwenye kiti zaidi ya robo saa. Sasa nakaa asubuhi nzima, hata majirani wananiuliza kama naumwa. Basi niandike. Sitasema nilipanda cheo lini wala nani alinipandisha, maana hilo halitamsaidia yeyote kati yenu siku mgonjwa atakapolala mbele yake na kusema, "Inaniuma hapa, lakini si hapa."

Kwa wale watakaosoma na hawatujui, kine ni mtu anayetibu kwa mikono. Tunakanda, tunachua, tunanyoosha, halafu tunamfundisha mtu kuutumia mwili wake bila kuuogopa. Sindano hatutoi, na ndiyo maana hapa Bukavu watu wengi hawatuhesabu kuwa waganga kamili. Kuna mama mmoja nilimchua mgongo saa nzima, akasimama, akafunga kitenge chake, akaniuliza kwa upole, "Sasa munganga anafika saa ngapi?"

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa bluzi nyeupe niliyoipiga pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Mkubwa wa chumba alikuwa Papa Bisimwa, mtu mfupi mwenye viganja vilivyoonekana kama vimeazimwa kwa mtu mrefu. Hakunisalimia. Alichukua mikono yangu miwili, akaishika kama mtu anayenunua kitu sokoni.

"Hii mikono iko baridi kama samaki ya sambaza," akasema. "Enda kuiweka mu maji ya moto. Kisha utaniambia jina yako."

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo sijui lingine linalolizidi. Pasheni mikono moto.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa katekista mmoja mwenye maumivu ya shingo ya miaka mingi. Alikuja na shati jeupe kabisa, akakataa kulivua, akafungua vifungo viwili tu. Papa Bisimwa alinituma mafuta kabatini, kisha akatoka kuzungumza na mtu kwenye barabaza, nje ya chumba. Kabatini kulikuwa na chupa mbili. Umeme haukuwepo, dirisha ni dogo, na mimi nilikuwa na haraka. Nikachukua chupa iliyokuwa karibu. Niliona mafuta ni mekundu, nikadhani yametiwa dawa.

Nilimchua yule katekista kwa moyo wote. Papa Bisimwa aliporudi, alisimama mlangoni, akanusa.

"Mutoto wangu, nani anapika humu?"

Yalikuwa mawese. Aliyanunua sokoni asubuhi ile kumpelekea mke wake, na nusu chupa ilikuwa imeshaingia kwenye shingo ya katekista, na robo nyingine kwenye kola yake. Katekista akageuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, akashangaa.

"Papa, maumivu imepunguka," akasema. "Lakini minasikia njaa."

Jumapili alisoma somo kanisani na kola ya rangi ya machungwa. Mimi nilikaa nyuma kabisa.

Majuma matatu yaliyofuata sikuruhusiwa kumgusa mtu. Papa Bisimwa aliweka punje moja ya haragwe chini ya blanketi, akaniambia nifumbe macho, niitafute kwa vidole. Nilipoipata, alikunja blanketi mara mbili, halafu mara nne. Wagonjwa walipita wakaniona nimefumba macho nikipapasa blanketi tupu, wakamwuliza yeye kama nami nimelazwa pale. Nilipokasirika na kubonyeza kwa nguvu, alinipiga kofi dogo la mkono. "Usisukume vile. Ukisukuma sana, haragi inakimbia, na mutu pia." Mtu mwenye maumivu ya muda mrefu mwili wake umeshajifunza kujilinda. Ukiuvamia, unajifunga kama mlango. Ukiweka kiganja na kungoja, baada ya pumzi tatu nne unaanza kulegea wenyewe, na hapo ndipo fundo linajionyesha chini ya kidole.

Alinifundisha pia siku za kutogusa. Mguu mmoja umevimba na una joto, usiuchue, mpeleke mtu kwa daktari. Mgongo unauma na mtu ana homa, au miguu inakufa ganzi, au mkojo haushikiki, vivyo hivyo, tena upesi. "Siku ingine mukono ya kine inafaa kukaa tu mu mufuko," alisema.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa mchimba dhahabu kutoka Mwenga, mtu mrefu mpana ambaye aliinama kupita mlangoni. Mabega yake yalikuwa yamekaza kwa kuchimba akiwa amejikunja chini ya ardhi. Tatizo lilikuwa moja: alikuwa mwepesi wa kutekenyeka. Nikimgusa tu, anacheka. Na hakucheka kama watu. Alicheka kama gari linalokataa kuwaka, na meza ikacheka naye. Nilijaribu kiganja, nikajaribu ngumi, nikajaribu kumgusa juu ya blanketi. Mwishowe nikakumbuka mbinu nzuri, ambayo ninyi pia mnaitumia. Nilichukua mpira mdogo wa matambara, nikamwambia auweke kati ya bega na ukuta, ajikande mwenyewe kwa kuegemea. Mtu hawezi kujitekenya.

Mbinu ilikuwa sahihi. Ukuta haukuwa sahihi. Ulikuwa wa ubao mwembamba, na nyuma yake kulikuwa na ofisi ya katibu wa hospitali. Alipoegemea kwa furaha, kwa sababu kweli alisikia nafuu, tulisikia kishindo, na mgonjwa wangu akawa hayupo. Upande wa pili sauti yake ikasema kwa heshima, "Bonjour, maman."

Papa Bisimwa alichungulia lile tundu. "Dawa ilikuwa muzuri," akasema. "Lakini ukimupatia mutu dawa, angalia kwanza ataitumikisha fasi gani, ku ukuta gani."

Aliponiachia chumba na kurudi kwao Mumosho kulima, nilikuwa nimeshakuwa mama mtu mzima, na mikono yangu ilikuwa inapata moto bila maji. Niliamini sasa najua kazi. Ndipo akaja Papa Prefe.

Alikuwa ameongoza shule ya sekondari muda mrefu, na ingawa alikuwa amekwisha kustaafu, mtaa mzima wa Nyalukemba bado ulimwita Prefe, jina tunalowapa wakuu wa shule, na yeye bado alitembea kama mtu anayekagua mistari ya wanafunzi. Mgongo ulimuuma miaka mingi. Picha zake za radiografia zilijaa bahasha nzima. Madaktari watatu walikuwa wameandika kwamba mfupa hauna tatizo kubwa, jambo lililomuudhi sana. Kila asubuhi aliyapa maumivu yake alama, juu ya ishirini, na kuandika katika daftari lenye jalada gumu, aliloliita kaye.

"Leo ni quatorze juu ya vingt," alinisomea siku ya kwanza, yaani kumi na nne. "Jana ilikuwa onze, kumi na moja. Kuko maendeleo, lakini ya mubaya."

Baada ya kumkanda, aliandika tena. Kumbe na mimi nilikuwa napewa alama. Niliona kwa jicho la pembeni kwamba nimepata kumi na mbili: "Mikono: douze. Inaweza kujitahidi."

Kila Jumatatu alikuja na mke wake. Mama huyo alibeba mto wa kukalia wa Papa Prefe, termosi ya chai ya Papa Prefe, mwavuli wa Papa Prefe na bahasha ya picha za mgongo wa Papa Prefe. Alipanda mlima wetu hatua tatu nyuma yake, akakaa kwenye kigoda pembeni, akangoja, akasema "Asante, maman", akabeba vyote tena wakashuka. Miezi minne sikumsikia akisema neno lingine. Niliandika kwenye fishi, kadi ya matibabu ya mumewe: "Anasindikizwa." Ndivyo nilivyoandika, na naona haya kuwaambia.

Wakati ule meza yetu ya zamani ilikuwa imeoza miguu, na hospitali ikakubali itengenezwe mpya. Nilimwita fundi wa mbao, Mushagalusa, ambaye karakana yake ilikuwa chini ya mteremko wetu. Nilimweleza kwamba mbele nataka shimo la uso, ili mgonjwa akilala kifudifudi aweze kupumua bila kupinda shingo. Mushagalusa ni mtu mwembamba, na uso wake ni mwembamba kuliko yeye. Alipima uso wake mwenyewe kwa kamba, akakata, akalala, akasema kutoka ndani, "Inaenea!" Mimi pia nilijaribu, nikaenea. Juma la kwanza tulilaza watoto na akina mama wadogo wadogo. Hakuna aliyelalamika.

Jumatatu ikafika. Papa Prefe alikuwa na mashavu ya mtu aliyeheshimiwa kwa muda mrefu, na masikio ya kutosha kusikia wanafunzi wa safu ya mwisho. Alilala, akaingiza uso, akasukuma kidogo. Nilisikia "pop". Nilidhani ni sauti ya meza mpya.

Nilimkanda nusu saa. Nilipomwambia ainuke, mabega yaliinuka, kichwa kikabaki.

"Maman Kine," sauti ikasema kutoka chini ya meza. "Kuko problème."

Mtu akilala kifudifudi kwa muda, uso hujaa damu kidogo. Uso wake ulikuwa umejaa, na masikio yalikuwa yamekunjuka upande wa pili kama mabawa. Nilijaribu kuyakunja. "Masikio ni ya kwangu!" akapiga kelele. Nilijaribu sabuni ya maji. Ikamwingia puani, akapiga chafya tatu, na kila chafya meza nzima iliruka. Nikamwita mlinzi wa getini, nikamwambia akimbie kwa Mushagalusa aje na msumeno.

"Na nini?" ikauliza sauti ya chini.

"Na vifaa vyake, Papa."

Hapo ndipo nilipoona kwamba mama kwenye kigoda anatetemeka. Alikuwa amejifunika uso na kitenge. Nilidhani analia kwa hofu, nikaenda kumtuliza. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti mwanzoni, kisha ikamshinda, ikatoka yote, kicheko cha mtu ambaye amekiweka kabatini miaka mingi. Mto ukaanguka. Akainama kuuokota, na katikati ya kicheko akasema "Aïe!" na akabaki hivyo hivyo, ameinama, mkono kiunoni, hawezi kushuka wala kupanda.

"Nani analia?" akauliza Papa Prefe.

"Ni bibi yako."

"Analia ao anacheka?"

"Vyote viwili, Papa."

Nilikuwa na watu wawili waliokwama katika chumba kimoja na mikono miwili tu. Nilitazama meza, nikatazama kigoda. Huyu wa mezani hakuwa na safari yoyote. Nikamwendea mama.

Nilitandika mkeka, nikamlaza kwa ubavu polepole, nikaweka mto wa mume wake kati ya magoti yake. Niliweka kiganja kiunoni nikangoja. Sikuhitaji kutafuta. Pande zote mbili za uti wa mgongo kulikuwa na mafundo magumu, mengine yamekaa juu ya mengine, ya miaka. Nikachukua fishi mpya.

"Jina?"

"Maman Prefe."

"Hapana, mama. Jina yako."

Alifikiri kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya mfuko. "Nabintu," akasema.

Nikaliandika juu ya fishi kwa herufi kubwa.

"Maman Nabintu, hii mugongo ilianza kukuuma wakati gani?"

"Wakati ya mimba ya Chantal."

"Na Chantal sasa iko na miaka ngapi?"

"Iko na batoto batatu."

Kalamu yangu ilisimama. "Ulimwambia nani?"

"Ningeambia nani, maman? Mugonjwa alishakuwaka mu nyumba. Hatungeweza kuwa babili."

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza kwamba nyumba yao ina kitanda kimoja. Niliuliza nani anachota maji. Ni yeye, bidoni nne kila asubuhi kutoka bombani, za litri ishirini. Nani anapika, anafua, anatoa taka? Yeye. Na Papa? "Papa anaumwa mugongo," akajibu, na kwa mshangao wangu aliniangalia kama mimi ndiye mjinga, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa namtibu.

Kisha nikamwuliza swali ambalo nawaomba msiache kuliuliza hata siku moja. "Kuko kitu unapenda kufanya, na mugongo inakukatalia?"

Alivuta kitenge mpaka magotini. Nilisikia ndege wa nje na pumzi za Papa Prefe shimoni.

"Kufika Sange, kule mbali mu bonde," akasema. "Dada yangu mukubwa iko kule. Alifiwa na bwana yake, sikuenda. Alitiwa upofu na ile ugonjwa ya macho, sikuenda. Ile barabara, kukaa mu gari mpaka kule chini, siwezi. Mbele alikuwa anauliza, 'Utakuya wakati gani?' Sasa haulizake tena."

"Nabintu," ikasema sauti ya chini.

Tuligeuka wote wawili, kama vile meza ndiyo imesema.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Kila asubui unanisomeaka kaye ya maumivu yako," akajibu mke wake. "Nikuingilie fasi gani?"

Nafikiri kama angekuwa amekaa kwenye kiti chake, angejibu, angeeleza, angetoa mfano. Lakini mtu aliyekwama uso ndani ya ubao anaona sakafu tu, na sakafu haina la kumsaidia. Niliona tone likidondoka chini ya shimo. Huenda lilikuwa sabuni.

Mushagalusa alifika anapiga mluzi, msumeno begani. Akazunguka meza mara moja.

"Kichwa iko mukubwa," akasema.

"Shimo ndiyo iko kidogo!" ikalia meza. "Kazi gani hii? Zéro! Zéro juu ya vingt!"

Mushagalusa akaweka msumeno chini. "Mimi nilipima na kamba. Bon, niende?"

"Hapana! Ngoja. Cinq."

"Cinq ni nini?"

"Ni tano, ni kuanguka mutihani," nikamweleza.

Mushagalusa akachukua kofia yake.

"Dix!" akapaza Papa Prefe. "Dix, kumi, ni kupita!"

"Bon. Tuanze na dix," akasema fundi, na akapiga magoti. Alikata polepole sana, na kila msumeno ulipokaribia sikio, alama ilipanda. Mpaka anamaliza, alikuwa na dix-sept, yaani kumi na saba, alama ambayo kwa maisha yote ya shule ile walikuwa wameipata wanafunzi wawili tu, na mmoja alikuwa padri sasa.

Papa Prefe aliinuka na duara jekundu kuzunguka uso wake wote, kama mwezi ukiwa na mvua. Hakuomba daftari. Alimtazama mke wake aliyelala kwenye mkeka, kisha akatazama kigoda, na vitu vilivyokuwa chini yake. Akavikusanya vyote, mto, termosi, mwavuli, bahasha. Mwavuli ulimwanguka mara mbili. Nilimsaidia mama kuinuka, nikasimama mlangoni nikawaona wakishuka, safari hii mama mbele. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi. Mwishowe aliikunja nyuma, kama mkaguzi.

Nilikwenda kwao Nyalukemba juma lile lile. Kazi nyingi ya mgongo iko nyumbani kwa mtu, si hospitalini, na ilinichukua nusu ya maisha yangu ya kazi kulikubali hilo. Niliona bomba, niliona kilima kati ya bomba na nyumba, niliona kiti cha Papa Prefe kilichokwisha kupata umbo la Papa Prefe. Tukapanga. Bidoni kubwa zikabadilishwa na ndogo, moja kila mkono, mapumziko kwenye kona ya pili. Na nusu ya safari zikawa za Papa Prefe.

Aliogopa. Huyu si mtu wa kuchekwa, ingawa nimemcheka mpaka hapa. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, na kwa miaka mingi aliamini akiinama tu, kitu kitakatika. "Mugongo yako haijavunjika, Papa," nilimwambia. "Ilizoea woga. Tutaifundisha kidogo kidogo." Alianza na jagi moja la maji. Alilibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama anayepeleka sakramenti, na mtaa mzima ulitoka kuangalia. Juma la pili yalikuwa majagi mawili. Mwezi wa tatu alikuwa na bidoni ya litri tano na maoni juu ya jinsi wengine wanavyobeba.

Kisha akataka nimfundishe kumkanda mke wake. Nilimfundisha. Mwanzoni alimsugua kama mtu anayefuta ubao. Nikampa mazoezi juu ya mfuko wa unga wa mihogo, abonyeze bila kutoboa, na nilipopita siku ya tatu alinifungulia mlango akiwa mweupe mpaka nyusi. Mama Nabintu alilala, akakandwa dakika kumi, akatoa hukumu kwenye mto bila kuinua kichwa:

"Sept."

"Sept? Saba tu, Nabintu? Nilitumikisha kiganja!"

"Kiganja iko baridi."

Akaomba deuxième session, yaani kurudia mtihani, juma lililofuata. Alipopata treize, alama kumi na tatu, alimwambia kila mtu mpaka kwa muuza mkate.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi hudanganya wagonjwa. Maumivu ya Mama Nabintu hayakuisha. Mafundo ya miaka ile yote hayatoki kwa mafuta. Masaji inapunguza uchungu kwa saa kadhaa, labda siku mbili, na kazi yetu ni kumwonyesha mtu namna ya kuzitumia saa hizo. Aende, ainame, akae, azoee tena. Tulifanya mazoezi ya gari kwenye kiti cha jikoni. Akae dakika ishirini, asimame, anyooshe kiuno, akae tena. Papa Prefe alikaa mbele yake na kufanya sauti ya injini, na kwenye mashimo alitikisa kiti. Sikumwomba afanye hivyo.

Baada ya miezi kadhaa, walijaribu safari fupi mpaka Mumosho. Alirudi na maumivu, akalala siku moja, akaamka vizuri. Tukajua mwili wake umekubali. Wakapanga Sange. Nilimwandikia dereva karatasi kwamba gari lisimame Nyangezi na Kamanyola ili mama ashuke ajinyooshe. Niliigonga muhuri wa hospitali ili ionekane ni sheria.

Siku waliyoondoka ilikuwa siku yenu ya kuniaga. Mlikuwepo. Mnakumbuka ukumbi ulivyojaa, na daktari wetu mkuu akasimama na karatasi zake, akaanza kusoma historia ya kazi yangu tangu shule ya msingi. Simu yangu ikalia katikati, nikatoka nje. Najua wengi mlisema, huyu mama hana adabu, anaondoka kwenye hotuba yake mwenyewe.

Alikuwa Mama Nabintu.

"Maman Kine, tumefika."

Nyuma yake nilisikia sauti ya mama mzee ikisema jina "Nabintu, Nabintu", mara nyingi, kama mtu anayepapasa kitu gizani ahakikishe kiko.

"Na gari ilisimama?"

"Mara ine. Papa Prefe alionyesha ile karatasi, akashusha bantu bote, akabanyoosha kando ya barabara. Hata kondakta."

"Yeye iko wapi?"

"Alitapika mulima ya Ngomo muzima. Iko amelala. Nilimufunika."

Niliuliza lile nililoogopa kuliuliza. "Na mugongo?"

Nilisikia yule dada akicheka na kulia karibu na simu.

"Mugongo pia imefika," akasema Nabintu. "Lakini mimi nilishuka wa kwanza."

Nilisimama pale kwenye barabaza nikalia mpaka nikapangusa uso na kile kitenge kipya mlichonipa, bado kina karatasi ya duka. Kisha nikarudi ndani. Daktari mkuu aliona macho yangu mekundu, akadhani ni hotuba yake. Akafurahi sana, akakohoa kidogo, akarudi ukurasa wa kwanza.